Siku Maalim Seif alipowageukia walio wake

Jumamosi ya tarehe 7 Novemba 2009, katika viwanja vya Kibandamaiti mjini Unguja, Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha CUF, alipanda jukwaani na habari ambayo wafuasi wake hawakuitarajia. Siku mbili kabla alikuwa Ikulu ya Zanzibar, amekaa na Rais Amani Abeid Karume, ambaye CUF ilikataa kumtambua tangu uchaguzi wa 2005. Sasa Katibu Mkuu huyo akawatangazia kwamba chama kinamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Sehemu ya umati ililipuka kwa kelele za kukataa. Hawakuwa mamluki waliotumwa kuvuruga mkutano. Walikuwa watu wake hasa, waliovumilia pamoja naye jua, mabomu ya machozi na rumande tangu chama kilipoundwa mwaka 1992, na jioni hiyo walimwonesha wazi kwamba katika hili hawako naye.

Kwangu mimi mapokezi yale ndiyo yanayoipa hotuba ile uzito wake. Hotuba za umoja tunazo tele. Husomwa kwenye Baraza la Iddi, kwenye kilele cha sherehe za Mapinduzi, kwenye salamu za mwaka mpya. Hupigiwa makofi, na zikasahaulika kabla viti havijakusanywa. Husahaulika kwa sababu haziombi mtu aache chochote. Msemaji huwataka wapinzani wapunguze jazba, wafuasi wake wakashangilia kwa kuwa anayesemwa ni jirani. Kibandamaiti aliyeombwa kuachia alikuwa yule yule aliyekuja kushangilia. Hotuba ya maridhiano naipima kwa swali hilo moja: msemaji amewaomba walio wake waache nini?

Tuanze basi na kile kilichoombwa. Mwaka 2009 CUF haikuwa na serikali, haikuwa na polisi, na tume ya uchaguzi haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa na Pemba, ambako mwaka 2005 ilichukua majimbo yote 18, na Mji Mkongwe upande wa Unguja. Ilikuwa na umati usiochoka. Juu ya hayo ilikuwa na kitu kimoja ambacho chama tawala, CCM, pamoja na dola yote, haikuweza kukichukua kwa nguvu: uwezo wa kusema kwamba Rais aliyeko Ikulu si Rais wetu. Kauli hiyo ilisikika kwa wafadhili, ilisikika kwa mabalozi, na iliingia majumbani. Ilikuwa ndiyo mali pekee ya chama kilichonyimwa mengine yote. Maalim Seif aliitoa hadharani, siku moja, kabla hajaandikiwa chochote cha kuonesha alichopewa badala yake. Aliyemzomea hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu hiyo hiyo na kuona chama kimetoa bila kupokea.

Uzito wa kutoa huko hauonekani bila kuirudia historia, na historia ya Zanzibar ina jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka: pande zote mbili zinakumbuka uchaguzi ulioporwa. Kwa wazee wa ASP, chama kilichoitangulia CCM Zanzibar, ni Julai 1963. Chama chao kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini mgawanyo wa majimbo ukawapa viti 13 kati ya 31, na serikali ya uhuru wa Desemba ikaundwa na muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakaja Mapinduzi. Anayetaka kujua kwa nini mzee wa Makunduchi au Donge husikia mapambano ya zamani kila anaposikia jina la upinzani, aanzie hapo. Kwa upande wa CUF ni Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi. Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif. Tofauti ya kura 1,565 katika visiwa viwili ni ndogo kiasi kwamba mtu aliyekuwa na mashaka na hesabu hakuwa na sababu ya kuyaacha, na watazamaji wa kimataifa nao walikuwa nayo.

Basi kila upande ukamkabili mwenzake ukiwa na dhuluma yake kifuani, na kila mmoja akiamini kwamba kulegeza ni kuruhusu dhuluma hiyo irudiwe. Ndiyo sababu kuombana tu radhi hakukuweza kutosha Zanzibar. Muafaka wa kwanza ulisainiwa mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola na ukabaki kwenye karatasi. Ukaja uchaguzi wa 2000, ukavurugika. Mwishoni mwa Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji, zaidi Pemba. Watu zaidi ya 30 wakauawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi. Oktoba mwaka huo vyama vikasaini muafaka wa pili. Uchaguzi wa 2005 ukaja, Karume akatangazwa kwa asilimia 53 dhidi ya 46, na CUF ikarudi kule kule: hatukutambui.

Siasa hizi hazikuishia kwenye mikutano. Waliokuwepo wanakumbuka zilivyoingia sokoni na msikitini. Mtu alichagua duka la kununulia unga kwa bendera inayopepea jirani yake. Harusi zilisusiwa. Palikuwa na vijiji ambako mtu akifiwa, wa upande wa pili hawakwenda kumzika, jambo zito mno kwa jamii ambayo kuzikana ni faradhi na ni undugu. Ndoa zilivunjika. Takwimu za kura hazikuambii hili, lakini ukiwauliza wazee wa Pemba kwa nini baadaye walipokea maridhiano kwa mikono miwili, hawatakutajia ibara za katiba. Watakutajia mazishi.

Hotuba iliyotoka Dodoma inasaidia kuona tofauti. Tarehe 30 Desemba 2005, akilizindua Bunge, Rais Jakaya Kikwete alisema mpasuko wa kisiasa Zanzibar unamsononesha na akaahidi kuutafutia dawa. Yalikuwa maneno mema, nami sina sababu ya kutilia shaka nia yake. Yalipokewa vizuri Unguja, Pemba na Bara. Lakini hayakumgharimu mtu ndani ya ukumbi ule. Aliyasema mbele ya wabunge ambao wengi wao walikuwa wa chama chake, na hakuwaambia wenzake wa Zanzibar waachie nini. Gharama ilipofika mezani, miaka miwili na ushei baadaye, ndipo ilipojulikana. Makatibu wakuu wa CCM na CUF walikuwa wamezungumza kwa muda mrefu na kukaribia serikali ya pamoja. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, ikaweka sharti jipya: wananchi waulizwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF ikaona imechezewa, mazungumzo yakafa.

Kinachofundisha ni kwamba sharti la Butiama lilikuja kutekelezwa. Kura ya maoni ilipigwa, na ikaisaidia kazi. Tatizo halikuwa kura yenyewe. Mwaka 2008 hapakuwa na kiongozi aliye tayari kusimama mbele ya kundi lake na kulibeba jambo hilo kwa jina lake. Likaachiwa vikao.

Mwaka 2009 lilibebwa na watu wawili, na haikuwa bahati kwamba ni hawa wawili. Amani Karume ni mtoto wa Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza, aliyeuawa Aprili 1972. Hakuna mwana-CCM angeweza kumwita mtoto huyo msaliti wa Mapinduzi na akaaminika. Isitoshe, kipindi chake cha pili kilikuwa kinamalizika mwaka 2010. Hakuwa na kura nyingine ya kuomba. Maalim Seif alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984 hadi 1988, akafukuzwa CCM, kisha akakaa kizuizini tangu 1989 hadi 1991. Aliyelala jela huwezi kumwambia anaogopa jela. Zile kauli za miaka ya ngangari, za mtu asiyerudi nyuma, zilikuwa zimejengwa juu ya jina lake. Mtu mwingine yeyote wa CUF angetamka siku ile kwamba tumtambue Karume, asingemaliza sentensi. Kiongozi aliyeteuliwa jana hana akiba ya kuitumia. Huyu alikuwa nayo ya miaka 17 ya chama na mingine kabla ya hapo, na aliitumia nyingi mno kwa alasiri moja.

Katika hoja aliyowapa, alitanguliza maslahi ya Zanzibar mbele ya chama. Wako wanaoiona hoja hiyo nyepesi, kwamba kila mwanasiasa husema hivyo. Uzito wake unatokana na pale iliposemwa. Ukiitamka Ikulu ni adabu. Ukiitamka mbele ya watu waliozika ndugu zao Januari 2001, huku wanakupigia kelele, na ukaendelea kuieleza bila kuwakemea wala kuwabembeleza kwa ahadi ya ushindi, umefanya kazi ambayo kwa kawaida viongozi huwaachia wasuluhishi kutoka nje. Na safari hii msuluhishi kutoka nje hakuwepo. Muafaka wa kwanza ulikuwa na Jumuiya ya Madola. Maridhiano ya 2009 yalikuwa ya Wazanzibari wenyewe, mlango umefungwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo miaka kumi ya muafaka juu ya muafaka haikuwahi kuiona. Januari 2010 hoja binafsi ya kuunda serikali ya pamoja ilipelekwa Baraza la Wawakilishi na kiongozi wa upinzani barazani, Abubakar Khamis Bakary, na wajumbe wa pande zote wakaipitisha. Tarehe 31 Julai ikapigwa kura ya maoni: asilimia 66.4 walisema ndiyo. Agosti yakaja Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar. Cheo cha Waziri Kiongozi kikaondoka. Wakawepo Makamu wawili wa Rais: wa Kwanza kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, wa Pili kutoka chama cha Rais, ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali barazani. Mawaziri wakagawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza. Na ikawekwa kufuli: mfumo huo hauwezi kuondolewa bila kurudi tena kwa wananchi kwa kura ya maoni.

Oktoba 31, 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 179,809 dhidi ya 176,338 za Maalim Seif. Tofauti ilikuwa chini ya kura 3,500. Matokeo ya aina hiyo, miaka kumi kabla, yangejaza hospitali. Safari hii Maalim Seif aliyakubali, akampongeza mshindi, na baada ya siku chache akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Watu walilala majumbani mwao. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi ambao Zanzibar iliupita kwa utulivu, na mimi sikubaliani kabisa na wanaosema maridhiano hayakuzaa kitu. Waulizwe waliokuwa wakikimbilia mikokoni Pemba mwaka 2001 kama usiku mmoja wa utulivu si kitu.

Hata hivyo hoja ya waliopiga kelele Kibandamaiti inastahili jibu, kwa sababu wakati uliipa nguvu. Oktoba 28, 2015, siku tatu baada ya kura kupigwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016 ulisusiwa na CUF, na Dk. Shein akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91. Nafasi ya Makamu wa Kwanza ikabaki wazi. Agosti mwaka huo, kwenye mazishi ya Mzee Aboud Jumbe, Rais mstaafu, Dk. Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif, naye hakuupokea. Picha ya tukio hilo ilisambaa nchi nzima, na wengi walimlaumu: kwenye msiba? Mimi nilichokiona pale ni kipimo cha hasara. Mtu aliyewaomba watu wake wamtambue Rais waliyeamini hakushinda, na wakazomea, kisha wakakubali, alikuwa amewadhamini kwa jina lake. Dhamana ile ilipovunjwa, mkono huo aliunyima pia kwa niaba yao.

Kosa lilikuwa wapi? Naliona mahali pawili. La kwanza ni la kisheria. Maridhiano yalishughulikia kugawana serikali baada ya kura kuhesabiwa. Uhesabuji wenyewe ulibaki pale pale ulipokuwa, kwenye tume ambayo mwenyekiti wake aliweza kusimama mbele ya kamera na kufuta kura za visiwa vyote, huku baadhi ya makamishna wenzake wakisema hawakushirikishwa. Waliokubaliana kula sahani moja walikuwa hawajakubaliana nani anapika.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalohusu hotuba. Upande mmoja ulizungumza na watu wake, mwingine haukufanya hivyo kwa kiwango kile. Karume apewe haki yake: alikipitisha kitu hiki kwenye chama ambacho mwaka uliotangulia kilikizuia, na wawakilishi wa CCM wakakipigia kura. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya vikao. Lakini maskani, ambako siasa ya CCM Zanzibar huishi hasa, hayakupata Kibandamaiti yao. Hakuna siku ambayo makada walikusanywa wakaambiwa na mtu wanayemwamini: wale tuliowaita maadui wa Mapinduzi ni raia wenzetu, wakishinda watatawala, na Mapinduzi hayatakufa kwa hilo. Theluthi moja waliosema hapana Julai 2010 waliachwa na hofu zao, na katika ngome za CCM Unguja hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Ilitoka kwenye kumbukumbu za kabla ya 1964 ambazo nimezieleza. Kilichofuata kinaonekana. Mansoor Yussuf Himid, mwakilishi wa CCM aliyekuwa mstari wa mbele wa maridhiano, alifukuzwa chama mwaka 2013. Mzee Hassan Nassor Moyo, mmoja wa waasisi, aliyeiongoza Kamati ya Maridhiano, akafukuzwa mwaka 2015. Januari 2016, kwenye sherehe za Mapinduzi, likapitishwa bango la kuwatukana machotara na kudai Zanzibar ni ya Waafrika, na CCM ikalazimika kuomba radhi. Waliolibeba bango lile hawakuwa wamesikia kitu kingine chochote katika miaka mitano ya umoja wa kitaifa.

Kenya walijifunza jambo linalofanana. Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, na joto la nchi likashuka karibu siku ile ile. Lakini vinara wenzake Raila katika muungano wa upinzani wa NASA hawakuwa wameshirikishwa, na ndani ya chama cha Uhuru wafuasi wengi wa Naibu wake waliona wamezungukwa. Wakuu walielewana kabla ya kuwaandaa waliowafuata, na uchaguzi wa 2022 uliwaonesha bei yake.

Desemba 2020 Maalim Seif aliirudia kazi ile ile, akiwa ameihama CUF na kuingia ACT-Wazalendo, na akiwa na umri wa miaka 77. Safari hii mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko 2009. Uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umempa, kwa hesabu rasmi, chini ya asilimia 20 dhidi ya 76 za Dk. Hussein Mwinyi, chama chake kilisema watu wake wameuawa Pemba, na yeye mwenyewe alikuwa amekamatwa siku za uchaguzi. Wafuasi wake walikuwa na kila sababu ya kumuuliza kama hajachoka kudanganywa. Aliingia tena serikali ya pamoja, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Desemba 8, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia Muhimbili. Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake. Wapo wanaoona uamuzi ule wa mwisho kuwa udhaifu wa mzee. Mimi naona alikuwa ameshajua kwamba hatapata chochote cha kujivunia, na bado akawaomba.

Lakini haitawezekana upinzani wa Zanzibar uombwe kila mara peke yake. Tangu uchaguzi wa 2020 kumekuwa na kura ya mapema, iliyoletwa na Sheria ya Uchaguzi ya 2018, inayowafanya askari na watendaji wa uchaguzi wapige kura siku moja kabla ya wengine. Upinzani unaiona ni mlango wa kura za ziada, na mwaka 2020 Pemba damu ilimwagika usiku wa kuamkia siku hiyo ya mapema. Serikali inasema ni utaratibu wa kuwawezesha wanaolinda uchaguzi. Kura hii inaweza kuondolewa kwa marekebisho ya kawaida ya sheria. Haihitaji mabadiliko ya katiba, wala kura ya maoni, wala mjumbe kutoka Jumuiya ya Madola. Inahitaji kiongozi wa CCM Zanzibar aende Donge, aende Makunduchi, akae na makada wanaoamini kwamba siku hiyo ya ziada ndiyo inayoyalinda Mapinduzi, na awaambie kwamba chama chao kitaiacha, kitapiga kura siku moja na watu wengine wote, na kikishindwa kitakabidhi. Watamkatalia, pengine kwa sauti kubwa, na itampasa aendelee kuwaeleza.